Mende Katika Picha za Mashine za Hesabu

Nyumba Na. 14, Safu ya Chini,
Shauri Moyo,
Nairobi.

Jumapili, 20 Machi 1983.

Mpendwa Mjomba Muindi,

Nisamehe kwa kutoanza na salamu. Kuna neno limenikaa kooni, na nikitanguliza salamu litarudi chini kama kawaida yake. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Namwonea Baba kinyaa. Hasira naijua, na hii siyo. Hiki ni kinyaa cha mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Tunapokula jioni, sote kwenye sinia moja kama ulivyotuacha, mkono wa Baba ukikaribia upande wangu wa ugali naacha kula. Ananawa mbele yangu kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Bado naacha. Mama anadhani nina minyoo. Ameshaninywesha dawa chungu kama nyongo, nami nimeinywa, kwa sababu kunywa ni rahisi kuliko kusema.

Sasa salamu. Hamjambo huko Ujerumani kwenye baridi? Anti Annah yu mzima? Na mtoto Mbithi ameanza kutembea? Uliandika kwamba theluji ilifika mpaka kwenye dirisha la jikoni. Nilipomsomea nyanya yangu, Susu Nzilani, maneno hayo alisema bila shaka unaongeza chumvi, kisha akauliza kama theluji hiyo mtu anaweza kunyweshea ng'ombe. Nikamwambia nitakuuliza. Basi nimekuuliza.

Sisi tu wazima wa mwili. Mvua bado haijaja. Kifua cha Mama kimepona, amerudi kwenye kwaya, na Jumapili hii ameimba mpaka wale wa benchi la nyuma wakainuka kumtazama. Mimi niko kidato cha tatu. Hesabu zinaendelea vizuri. Nikihutubia mbele ya darasa sauti bado inanikatika, hilo halijabadilika tangu ulipoondoka.

Katika barua yako uliniuliza, "Picha zinapendeza ukutani?" Nimekawia kujibu kwa sababu hiyo. Picha haziko ukutani, Mjomba. Hazijawahi kufika hapo.

Nikuelezee tangu mwanzo. Siku lile bomba la karatasi ngumu lilipofika posta, Mama alidhani umemtumia mwavuli. Tulilifungua mezani, tukazitandaza zile picha nne na kuziwekea vikombe pembeni zisijikunje. Mama aliuliza, "Hizi ni saa?" Nikamsomea maelezo yako, kwamba ni mashine za kwanzakwanza za kufanya hesabu, zilizotengenezwa kabla ya umeme, kwa magurudumu na meno tu. Baba alizitazama kwa muda mrefu. Alisema, "Huyu aliyekata meno haya alikuwa na mkono." Nilifurahi sana aliposema hivyo.

Nilipenda zote, lakini ile niliyoipenda kushinda nyingine ni lile sanduku dogo la shaba lenye vigurudumu juu, kwa sababu ulieleza kwamba aliyelibuni alikuwa kijana tu, hakunizidi sana umri, naye alitaka kumpunguzia baba yake kazi ya kujumlisha kodi. Kabla ya kulala nilikuwa nakaa mbele yake na kuligeuza kwa mawazo. Gurudumu la mamoja likimaliza mzunguko, linalisukuma la makumi hatua moja. La makumi likimaliza, linalisukuma la mamia. Hakuna anayedanganya ndani ya sanduku lile. Haliwezi hata likitaka.

Uliandika kwamba mlizichapa nyinyi wenyewe hapo kiwandani, na kwamba katika hizi nne rangi ya shaba ilizidi kidogo, ndiyo maana msimamizi akakuruhusu uzichukue. Kwangu rangi haikuzidi. Nilimwambia Mama tuzitundike juu ya kochi, pale penye kalenda, karibu na picha yao ya harusi. Mama akakubali, akasema atashona hata vitambaa vya kufunika fremu.

Hapo ndipo Baba alipotaja fremu. Alisema karatasi tupu kwenye kuta zetu haitamaliza mwezi, afadhali zipelekwe kwa Nalianya.

Nalianya humjui. Alikuja karakana ya Baba baada ya wewe kusafiri. Ni mtu wa Bungoma, fundi wa fremu, mnene, mcheshi, anajua kila mtu kutoka hapa mpaka Kariobangi. Tangu jaribio la mapinduzi la Agosti watalii wamekuwa haba na vinyago vya Baba vinakaa rafuni vikishika vumbi. Lakini watu wa mitaani bado wanaoa na bado wanataka picha ya harusi iwe na kioo. Kwa hiyo waliungana. Baba anachonga mbao za fremu, Nalianya anakata vioo. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea zile picha, nimezikunja ndani ya bomba lako, nimelikumbatia njia nzima mtu asinigonge.

Wiki zilipita. Kila nilipouliza, Nalianya alinijibu, "Gundi, Profesa, gundi! Gundi ni kama ndoa, ukiharakisha inaachana." Ananiita Profesa kwa sababu ya miwani.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi huu walimu walikuwa na mkutano, tukafunguliwa mapema. Nikapitia karakana. Mbele hapakuwa na mtu. Nikasikia Baba nyuma akipiga mluzi wimbo wa kanisani, nikaingia. Pembeni palikuwa na sanduku la mbao, lile la kusafirishia majani ya chai, limefunikwa gunia. Gunia lilikuwa linacheza. Nilidhani ni kifaranga. Nikaliinua.

Mjomba, sijui nikuelezeeje. Lilikuwa limejaa mende. Wengi mpaka hawaonekani mmoja mmoja, wanaonekana kama maji ya kahawia yanayochemka. Harufu ilinipanda puani, ile ya mafuta yaliyochacha iliyo kwenye kabati lisilofunguliwa. Na chini yao, katikati yao, niliona gurudumu la shaba. Kisha jingine. Ile mashine yangu ya kijana na baba yake ilikuwa imelazwa chini ya sanduku, pembe zake zimepakwa uji wa unga, na mende walikuwa wanaula uji pamoja na karatasi.

"Funga, funga!" Nalianya alikuja mbio na kikombe chake mkononi. "Utawatorosha wafanyakazi wangu!"

Niliachia gunia. Akafunika sanduku, akacheka. "Hawa ndio vibarua wa kweli, Profesa. Hawaombi likizo, hawaendi matanga, hawajui chama cha wafanyakazi. Wewe wape uji tu."

Alinieleza kila kitu kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali. Kwanza picha inaoshwa kwa chai ya rangi iliyokolea, inaanikwa kivulini. Halafu inaning'inizwa juu ya moshi wa vumbi la mbao. Kisha inaingia kwenye sanduku, ili mende wang'ate kingo na kuacha vile vidoa vyao vyeusi kama pilipili manga. "Hicho kidoa," alisema, "hata Mzungu na mashine yake hawezi kukitengeneza. Hiyo ni sahihi ya miaka mia."

Baba alikuwa ameketi nyuma na picha nyingine mapajani. Ile kubwa, yenye nguzo za magurudumu. Alikuwa amepasha moto sindano ya kushonea magunia na anatoboa karatasi pembeni, vijitundu vidogo sana, vingine vinyoofu, vingine vya kupinda, ili ionekane kwamba bungua ametoka kwenye mbao za fremu akaingia kwenye picha. Kipande cha chini, chenye jina la kiwanda chenu na mwaka wa kuchapwa, kilikuwa kimekatwa. Walikitumia kuwashia jiko la gundi.

"Njoo uone," Baba aliniita. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Agosti. "Sema kweli. Ukitazama hapa, utajua ni mimi au ni mdudu?"

Nilisema, "Hizo ni zangu." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Ni zako," Baba alijibu bila kuinua kichwa. "Na wewe ni wa nani?"

Nalianya akacheka mpaka akamwaga chai. Mimi nikaenda nyumbani. Jioni ile ndiyo ya kwanza niliyoshindwa kula.

Ninajua utaniuliza kwa nini. Kuna mama mmoja mwenye duka la mapambo mjini, mgeni wa kutoka ng'ambo, ambaye amepewa kazi ya kupamba maktaba ya hoteli mpya. Anatafuta picha za kale. Alipokuja kwa Nalianya kuagiza fremu aliziona zangu zimeegemea ukuta, akauliza zina umri gani. Nalianya akamjibu, "Mwingi sana, madam." Yule mama akasema kama ni za kale kweli angezichukua zote nne, na angeleta kazi nyingine ya fremu za hoteli nzima. Alipoondoka wakazitazama tena, wakaona hazifanani na umri waliozipa. Basi wakaanza kuzizeesha.

Jana Jumamosi yule mama alirudi kuzikagua. Baba aliniambia nivae sare ya shule, nije nimtafsirie Kiingereza. Nilienda kwa sababu sijawahi kumkatalia Baba, na kwa sababu nilifikiri labda yule mama ataona. Msomi wa vitu vya kale, nilisema moyoni, atatambua mara moja.

Mjomba, aliinua ile picha ya sanduku la shaba mpaka kwenye uso wake, akafumba macho, akainusa. Aliinusa polepole, toka pembe hii mpaka ile. Akasema kwa Kiingereza kwamba harufu ile ni ya maktaba za zamani, kwamba mtu hawezi kuinunua wala kuiigiza. Akapitisha kidole juu ya vidoa vya mende, kwa upole, kama mtu anayempapasa mtoto mchanga. Nilirudi hatua moja nyuma. Nalianya alikuwa amekaza midomo na kutazama dari.

Kisha yule mama akauliza zimetoka wapi.

Baba akanigeukia. "Mwambie zilikuwa za mzee mmoja wa misheni, kule kwetu Ukambani. Alifariki zamani. Wajukuu ndio waliotuuzia."

Alisema hivyo bila kupepesa. Baba yangu, anayekataza tusiseme hata "kesho" kanisani bila kuongeza "Mungu akipenda." Nilifungua mdomo. Maneno ya Kiingereza nilikuwa nayo yote, nayaona kama yameandikwa ubaoni, lakini ulimi ulikuwa umekufa. Yule mama akatabasamu, akasema, "She is shy." Nalianya akadakia kwa Kiingereza chake cha sokoni, "Old mission, madam! Very old father, very dead!" Na ikatosha. Yule mama alifurahia jibu hilo kuliko ambavyo angefurahia langu.

Lakini alitaka maandishi. Alisema wenye hoteli watauliza, na kila picha iwe na historia yake nyuma, fupi, imeandikwa vizuri. Atarudi Jumanne jioni kuzichukua. Baba akaweka mkono begani mwangu, akasema kwa Kiingereza chake kidogo, "My daughter, she will write."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye tu. Njiani alisema jambo ambalo nimelisubiri tangu darasa la kwanza. Unakumbuka kwamba Baba haangalii vitabu vyangu. Ripoti anaitia sahihi ikiwa juu ya goti, huku anaongea na mtu mwingine. Jana aliniambia, "Nthoki, una mwandiko. Nimeutazama ule uliomwandikia mjomba wako. Umelala vizuri, kama nyuzi za mbao nzuri. Mwandiko wako ndio utakaotuinua mwaka huu."

Nilitaka kutapika, Mjomba. Palepale penye mama muuza samaki. Siyo kwa sababu ya samaki. Miaka yote hii amenyamaza, na siku aliyouona mwandiko wangu, ameuona kama anavyowaona wale mende.

Nyumbani nilijikaza, nikamwambia ni uongo. Alinisikiliza, hakufoka. Alisema, "Yule mama hakuuliza ukweli. Aliuliza uzee. Nimempa uzee, na nimeufanyia kazi kwa mikono yangu. Kuna ubaya gani hapo?"

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akasema, "Matheka, mimi mambo ya picha siyajui. Lakini mende mmoja akifika humu nyumbani ndani ya mfuko wa suruali yako, utahamia huko karakana ulale nao." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe andika tu hayo maneno yaishe. Baba yako amekaa na vinyago vyake toka Agosti. Unadhani anapenda?"

Najua hapendi. Hilo ndilo linalonichosha. Ningekuwa na hakika kwamba Baba ni mtu mbaya ningelala usingizi. Lakini namkumbuka akipiga mluzi na ile sindano, uso wake umechangamka, anatoboa karatasi yako kwa uangalifu uleule anaochongea sikio la swala, na ninashindwa kula. Kazi nzuri namna ile, kwa kitu kichafu namna ile. Na bado anasubiri Jumanne nimkamilishie.

Ukisoma barua hii Jumanne itakuwa imeshapita, kwa hiyo sikuombi shauri. Nilitaka tu mtu mmoja ajue picha zake zilipo. Nisipoandika, Baba ataaibika mbele ya yule mama na mbele ya Nalianya, na ile kazi ya fremu itakwenda kwa wengine. Nikiandika, sijui nitakitazamaje kitabu changu chochote, maana mwandiko ni huuhuu mmoja.

Nimsalimie nani huko? Anti Annah, umwambie sweta aliyonitumia inanitosha vizuri mikononi. Mbithi mdogo umbusu. Susu Nzilani anakusalimu na kusema ule vitu vya moto. Mama anakusalimu, anasema usisahau kumwandikia yeye pia, siyo mimi tu. Mungu awakinge nyote na baridi hiyo.

Jumanne, 22 Machi.

Mjomba, barua hii sikuitia sahihi Jumapili, wala sikuipeleka posta. Nimerudi sasa hivi kutoka karakana. Nakuandikia kama mambo yalivyokuwa, bila kupunguza.

Jana baada ya shule nilienda na kalamu yangu ya wino. Nalianya alikuwa amezipanga zile fremu nne mezani, zimelala kifudifudi, na ameninunulia hata soda. "Profesa, andika kama mtu aliyekufa," alisema. "Mwandiko wa kuinama. Tia na Biblia kidogo."

Niliketi, nikaandika nyuma ya kila picha kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko siku yoyote. Niliandika hivi: "Picha hii ya mashine ya hesabu imechapwa Ujerumani Magharibi mwaka 1982 na mjomba wangu Muindi, ambaye ni mchapaji. Imezeeshwa Shauri Moyo, Nairobi, mwaka 1983, kwa chai, moshi, sindano na mende. Fundi wa fremu ni Nalianya. Matundu yametobolewa na baba yangu, Matheka, mchonga vinyago." Nikaacha wino ukauke. Kisha nikamwita Baba, nikamsomea kwa Kiswahili neno kwa neno, kwa sababu sikutaka kumficha. Sauti haikukatika.

Nalianya alishika kichwa. "Umetuvua nguo! Matheka, huyu mtoto ametuvua nguo sokoni!"

Baba alisema, "Hata jina langu umeliandika?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mende?"

"Ndiyo."

Nalianya alitaka kubandika karatasi nyingine juu, asubuhi watafute mtu mwingine wa kuandika. Baba akazitazama zile fremu, akasema, "Utaibandika kwa kitu gani? Uji wote mende wameula." Sijui kama ulikuwa mzaha. Hakucheka. Akaendelea kupiga randa mpaka tunafunga.

Leo yule mama alikuja saa kumi na moja. Baba ndiye aliyemkabidhi, amezigeuza upande wa nyuma. Yule mama alisoma ya kwanza. Akasoma ya pili haraka. Akaiinua ile ya sanduku la shaba, akaisogeza mbali na uso wake, akaiweka chini. Alitoa leso, akapangusa vidole, kimoja kimoja, akapangusa na pua. Aliuliza kama ni kweli mende. Safari hii ulimi wangu haukufa. Nilimjibu, "Yes, madam. Many." Akaingia kwenye gari. Hakuchukua hata moja, na zile fremu za hoteli hatujazisikia tena, wala sidhani tutazisikia.

Nalianya alitoka nje, akaketi juu ya gogo, amenipa mgongo. Baba alibaki amesimama. Nilijua sasa nitapigwa. Akanyoosha mkono rafuni, akateremsha swala mmoja mweusi, akamsimamisha mbele yangu mezani.

"Haya, mwandishi," alisema. "Picha umeziandika. Na huyu je? Huyu ni mpingo?"

Nilimtazama yule swala. Nimekulia kwenye karakana ile. Najua ni mhuhu, mti wa bei nafuu kuliko mpingo, na weusi wake ni rangi ya viatu.

"Mbona umenyamaza? Si unapenda ukweli? Mwandike na huyu."

"Matheka, usimpe mtoto wazo!" Nalianya alipiga kelele kutoka nje.

Nilifungua kalamu. Nikamlaza yule swala, nikaandika chini yake, "Mti wa mhuhu. Umepakwa rangi ya viatu. Umechongwa na Matheka, Shauri Moyo." Nikapuliza wino, nikamsimamisha tena.

Baba alisoma. Akamrudisha rafuni. Kisha akateremsha mwingine, akanipa. Sikumtazama usoni, kwa hiyo siwezi kukuambia alikuwa na hasira au la. Nikaandika na huyo. Akanipa twiga. Nikaandika swala, nikaandika twiga, nikaandika vifaru wale wadogo wa mlangoni, mpaka wino ukaisha. Nikamwomba penseli yake ya seremala, akaitoa nyuma ya sikio, akanipa, nikaendelea na vinyago vilivyobaki.

Mpwa wako akupendaye daima,
Nthoki.